Mama, Hilo Gunia Linakwenda Wapi?

Juma hili nimeiweka kando habari ya uji wa watoto niliyowaahidi, kwa sababu nimeletewa barua ambayo haifai kungoja. Mwandishi wake ni mke wa askari, anaishi na mumewe na watoto wao wanne katika laini za mji wetu huu wa Kampala. Anaeleza kwamba mwanzoni mwa mwaka yeye na majirani zake, nyumba kumi na mbili kwa jumla, walipatana kutenga taka zao: maganda ya chakula kando, chupa za plastiki na makopo kando, na yasiyofaa kitu kando. Magunia waliyanunua kwa fedha zao wenyewe. Mwezi wa kwanza nyumba zote kumi na mbili zilishiriki. Mwezi wa pili zikabaki tisa. Alipokuwa akiandika barua zilikuwa nne tu, na moja katika hizo nne ni yake mwenyewe. Magunia ya wale wengine sasa yanawekewa makaa.

“Nimewafanyia ubaya gani majirani zangu?” anauliza. “Je, niwalipe? Au nimwombe mkuu wa kambi atoe amri?” Mwishoni ameongeza neno ambalo lilinigusa: mumewe amemwambia aache kujiaibisha kwa ajili ya uchafu wa watu wengine.

Dada yangu, hukuwafanyia ubaya wowote. Walakini kabla sijakujibu, yafaa nikusimulie yaliyonipata mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado nikiishi katika laini, walikuja watu wa kampuni moja ya kuzoa taka, wakatuhutubia chini ya mwembe na kutugawia mifuko ya rangi mbili. Tulikubali kwa moyo mmoja. Watoto walikuwa wakigombana ni nani atakayetia chupa katika mfuko wake. Asubuhi moja, nadhani ilikuwa juma la tano, nilichelewa kuamka, nikatoka mbio na mifuko yangu mkononi. Nikamkuta kijana wa lori akiirusha mifuko yote, ya rangi hii na ya rangi ile, ndani ya lori moja, na mwenziwe akiishindilia kwa miguu. Nikamwuliza, “Mwanangu, mbona mnachanganya?” Akanijibu kwa adabu, wala hakukusudia kunidhihaki: “Mama, lori ni moja.”

Jioni ile habari ilikwisha kuenea laini nzima. Juma lililofuata hapakuwa na nyumba iliyotenga hata ganda moja. Wale mabwana wa kampuni waliporudi walituambia kwamba wanawake wa laini hawana mwamko. Sisi tulikuwa na mwamko, na macho pia tulikuwa nayo.

Nasema hivi kwa sababu katika jambo hili la kutenga taka na kuzirudisha katika matumizi, watu wengi hupenda kuhubiri. Mwenye nyumba huambiwa kwamba hapendi usafi, hajali nchi yake, hana elimu. Lakini swali analojiuliza mama anapokunja gunia lake ni dogo na la haki kabisa: hili gunia, baada ya kutoka mlangoni pangu, linakwenda wapi?

Kwa muda wa karibu miaka thelathini, mji wa Kampala ulikuwa na jibu moja tu: Kiteezi. Jaa hilo lilifunguliwa mwaka 1996, kaskazini ya mji, katika wilaya ya Wakiso. Kila lililotupwa Kawempe, Makindye, Nakawa, Rubaga na katikati ya mji lilipelekwa huko, hata likawa mlima, na chini ya mlima watu wakajenga nyumba na kufuga. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule uliporomoka ukafukia nyumba pamoja na waliokuwamo. Zaidi ya watu 30 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Polisi, wanajeshi na watu wa Msalaba Mwekundu walichimba kwa siku nyingi. Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwako, nanyi mnaijua harufu ile kuliko mimi. Baada ya msiba huo mji ukalazimika kutafuta mahali pengine pa kumwaga taka zake, nje ya mipaka yake.

Sasa nitauliza jambo ambalo halisemwi sana. Mlima ule ulikuwa wa kitu gani? Mtu asiyefahamu hudhani ulikuwa wa plastiki na mabati. Plastiki ilikuwamo, tena nyingi. Lakini sehemu kubwa ya taka za Kampala ni vitu vinavyooza, na katika hivyo maganda ya matoke ndiyo yanayoongoza. Sote tunajua chungu kimoja cha matoke huacha rundo gani la maganda nyuma yake. Maganda yakirundikwa mahali pasipo hewa huoza kwa namna yake: hutoa gesi inayowaka na maji machafu yanayolainisha rundo kutoka ndani. Mvua ikiongezwa juu yake, rundo halina tena mguu wa kusimamia. Kwa hiyo mama anayezuia maganda yake yasiingie katika gunia la taka amepunguza mzigo wa mji kuliko anayetenga chupa kumi. Hilo hatukuambiwa chini ya mwembe. Tuliambiwa chupa tu.

Nirudi kwa majirani wa dada yetu. Mwaka 2009 wataalamu William Ekere na Johnny Mugisha wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na mwenzao Lars Drake wa Sweden, walichapisha uchunguzi wao juu ya nyumba za eneo hili letu linalozunguka Ziwa Victoria upande wa Uganda. Walitaka kujua ni nini kinachoifanya nyumba moja itenge taka na kuzitumia, na nyumba nyingine isifanye hivyo. Waliyoyakuta ni haya: kama anayehusika ni mwanamke au mwanamume, mvuto wa wenzake, ukubwa wa ardhi, mahali nyumba ilipo, na kama mtu ni mwanachama wa chama kinachoshughulikia mazingira. Mwaka 2011 mtaalamu mwingine wa Makerere, Margaret Banga, alieleza habari za Kampala yenyewe, akaona kwamba watu hujiunga zaidi wanapofahamu kwamba katika eneo lao kuna kazi ya kurejeleza taka inayoendelea. Na kwamba kipato, elimu na jinsia navyo vina nafasi yake.

Katika maneno yote hayo, mimi naliona moja limezidi mengine uzito, nalo ni wenzake. Nyumba kumi na mbili zilipokuwa zikitenga, nyumba ya kumi na mbili ilitenga kwa sababu ya zile kumi na moja. Zilipoondoka tatu, kila mmoja wa waliobaki alianza kuhesabu. Hakuna anayependa kuonekana mjinga peke yake. Dada, majirani zako hawakuchoka siku moja, walitazamana wakachoka. Na wanaweza kuanza tena kwa njia ile ile ya kutazamana.

Wazee wa Buganda walilijua jambo hili kabla ya wataalamu. Kazi ya mtaa waliyoiita bulungi bwansi, yaani kwa wema wa nchi, ilifanywa siku moja, watu wote wakiwa njiani na majembe yao. Kila mtu alimwona mwenziwe, na asiyekuja alionekana vilevile. Taka hazina bahati hiyo. Mtu hutenga akiwa nyuma ya mlango wake, na hakuna anayemwona.

Neno la pili ni ardhi. Mwenye shamba nyuma ya nyumba humwaga maganda migombani, na jambo limekwisha. Lakini wapo miongoni mwetu wanaoishi bado katika zile nyumba za bati ambazo askari waliziita “mama ingia pole”, kwa sababu mlango wake humlazimu mtu kuinama na kuingia taratibu. Ndani ya nyumba kama hiyo mna kitanda, jiko, masanduku na watoto. Magunia matatu yatakaa wapi? Maganda ya siku mbili katika joto la bati yana harufu ambayo hakuna mapenzi ya nchi yanayoweza kuishinda. Mama akiyatupa yote pamoja asubuhi na mapema, msimwite mvivu. Hana nafasi.

Tuje kwenye swali lako la fedha. Kilo moja ya chupa za maji za nusu lita yaweza kuhitaji chupa kama 50, na ukiiuza kwa mnunuzi hupati hata bei ya mkate. Ukigawanya kwa nyumba kumi na mbili utakuwa umegawa ugomvi. Kwa hiyo usiwalipe. Hata hivyo sisemi kwamba fedha haina kazi. Tazameni chupa ya soda ya kioo. Ukiichukua dukani bila kurudisha nyingine, mwenye duka hudai amana, na ndiyo sababu hamwezi kuikuta ikielea katika mfereji wa Nakivubo. Mtoto wa miaka sita anajua kwamba chupa ile ni ya kurudishwa. Chupa ya plastiki haina amana, basi ndiyo inayoziba mifereji mpaka Bwaise na Kalerwe hujaa maji mvua inaponyesha. Ujerumani walianza kutoza amana kwa chupa hizi za kutupwa mwaka 2003, nazo zikaanza kurudi dukani kama zile za kioo. Kwangu mimi jambo hili lingestahili kuigwa hapa kuliko mabango mia.

Sheria yenyewe, kama tujuavyo, haitoshi pasipo mtu wa kuifuatilia. Kaveera nyembamba ilikatazwa hapa Uganda tangu mwaka 2009, ikakatazwa tena katika sheria ya mazingira ya mwaka 2019, na leo ukienda sokoni utafungiwa nyanya zako ndani yake. Rwanda walikataza mwaka 2008, na mpakani hukaguliwa mkoba wako.

Katika mji wa Curitiba, nchini Brazil, walipata njia nyingine. Tangu mwaka 1991 serikali ya mji huwapa watu mboga na matunda badala ya taka zilizotengwa, kilo nne za taka kwa kilo moja ya chakula. Nimelipenda jambo hilo kwa sababu malipo yake huingia jikoni, mikononi mwa yule yule aliyetenga. Sisi hatuna mji wa kutugawia mboga, lakini tunao mbuzi. Hapa Kampala wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na nguruwe hutafuta maganda ya matoke kila siku, na wengine huyanunua kwa magunia. Tafuteni mfugaji mmoja wa karibu anayeweza kuja kila jioni. Msimdai fedha. Mwambieni alete samadi, au lita chache za maziwa kila mwisho wa juma kwa nyumba zenye watoto wadogo, kadiri mtakavyopatana. Hapo swali la gunia linakwenda wapi litakuwa limejibiwa, kwa sababu watoto watamfahamu ng'ombe mwenyewe.

Wako pia wanaofuga funza kwa taka za jikoni, kwa kutumia nzi ambaye wataalamu humwita nzi askari mweusi. Jina hilo si utani wangu. Nzi huyo akishakua hahangaiki na vyakula vya watu kama nzi wa jikoni, na funza wake hula uozo kwa pupa, kisha huwa chakula kizuri cha kuku na samaki. Lakini kazi hiyo yahitaji banda na mtu wa kuiangalia. Nyumba kumi na mbili zisianze nayo.

Linalowezekana hata kwa mikono mitupu ni makaa ya maganda. Anikeni maganda juani mpaka yavunjike mkononi. Yatieni katika pipa la bati lililotobolewa matundu machache chini, yawasheni, na moshi mzito ukianza kupungua zibeni matundu kwa udongo, mfunike pipa barabara ili hewa isiingie. Yaacheni yapoe kabisa. Ukifunua mapema yatashika moto yote yakawa majivu. Kisha yapondeni, myachekeche, mchanganye na uji mzito wa unga wa muhogo, kiasi cha kushikamana tu, na mfinyange matonge kwa mkono au kwa kopo. Yaanikeni tena mpaka yakauke ndani na nje. Vumbi la makaa linalobaki chini ya gunia laweza kuongezwa humo humo. Makaa haya huwaka polepole, ni mazuri kwa maharage. Kazi ya pipa ifanyeni nje, mbali na watoto, na kamwe msilale na jiko linalowaka ndani ya nyumba iliyofungwa, liwe la makaa haya au ya mti. Hewa yake huua pasipo kuamsha mtu.

Sasa habari ya amri. Dada yangu, najua kishawishi chake. Katika kambi mkuu akisema uwanja ufagiliwe, hufagiliwa kabla ya jua kupanda, na mawe hupakwa chokaa. Lakini amri huona uwanja, haioni ndani ya gunia. Afande hawezi kufungua gunia la kila nyumba kutazama kama ganda limelala na chupa. Tena akihamishwa, naye huondoka na amri yake. Nimeyaona hayo mara tatu. Usimwendee kuomba amri. Mwombe mahali: kibanda kidogo chenye paa mwishoni mwa laini, penye sehemu mbili, ili wanaoishi katika nyumba za bati wasilale na maganda yao. Mwombe pia siku moja ya juma ambayo mnunuzi wa chupa ataruhusiwa kupita langoni bila kuzuiwa na mlinzi. Nadhani hilo la lango liliwavunja moyo baadhi ya majirani zako, kwa maana umeandika kwamba mnunuzi alikuja mara mbili akarudishwa, na chupa zikakaa hata zikaanza kukusanya maji na mbu. Umelitaja kwa mstari mmoja tu, lakini mimi nimeuona huo kuwa mstari mkubwa kuliko yote katika barua yako.

Kuhusu mumeo, usibishane naye. Uchunguzi ule wa Makerere uliitaja jinsia, na kila mwanamke ajua kwa nini: anayemenya ndiye anayetenga, na asiyemenya ndiye anayeona haya. Siku ya kibanda, mwombe abebe gunia moja tu mpaka mwisho wa laini, alfajiri, akiwa njiani kwenda kazini. Si zito. Afande mmoja akionekana na gunia begani, wake wa wenzake watakuwa na la kuwaambia waume zao jioni. Akikataa, mpe mtoto mkubwa, na usilitaje tena mbele yake mpaka maziwa yaje.

Na zile nyumba nane zilizoacha, usiziendee zote. Anza na ile iliyo karibu na bomba la maji, hata kama mwenye nyumba hiyo si rafiki yako, kwa sababu kila mtu hupita hapo. Msihutubie. Mwalike aje siku mnunuzi atakapopima chupa, ashike mizani yeye mwenyewe. Fedha itakayopatikana msigawane. Nunueni kitu kimoja kinachoonekana na wote, kama ufagio mrefu wa uwanja au sufuria kubwa ya kuazimana wakati wa misiba na karamu. Karatasi ya kilo na fedha iandikeni kila mara, muibandike juu ya bomba, mkiandika pia mahali chupa zilikopelekwa. Mkiweza, tumeni wawili miongoni mwenu wamfuate mnunuzi siku moja mpaka anakouza, wakirudi wasimulie walichokiona. Huko Gulu iko kampuni iitwayo Takataka Plastics ambayo hugeuza plastiki iliyotupwa kuwa vigae vya ukutani, na mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ilitengeneza ngao za uso kwa ajili ya wahudumu wa afya. Mtu aliyeona kigae kwa macho yake haulizi tena sana juu ya gunia.

Kama wawili hao wataona chupa zenu zikimwagwa jaani pamoja na nyingine, warudi vilevile waseme, na mtafute mnunuzi mwingine. Msifiche. Katika laini yetu ile, kijana wa lori angeambiwa kusema ukweli tangu siku ya kwanza, kwamba lori ni moja na la pili litakuja mwezi ujao, nadhani tungemngojea.

Niandikie tena baada ya mwezi, unieleze ni nyumba ngapi, na kama mlinzi wa lango amekubali. Habari ya uji nitaitoa juma lijalo.